Sauti Niliyoiacha Mwishoni mwa Albamu ya Ngisi

Saumu na Kevo, na yeyote atakayekalia kile kiti changu chenye mguu uliofungwa waya,

Kwanza mnisamehe mwandiko. Herufi zangu zinalala upande mmoja kama minazi iliyopigwa na upepo, na maneno mengine nimeyaandika kama tunavyoyatamka nyumbani Msambweni, si kama yanavyotakiwa vitabuni. Niliishia darasa la nane, na tangu hapo mikono yangu imeshika nyaya kuliko kalamu. Ninaandika polepole. Nanyi mkisoma polepole tutakwenda pamoja.

Saumu, uliniomba nieleze jinsi tulivyoirekodi albamu ya Ngisi ya muziki wa metali, kwa kuwa watu wanakuja studio kuuliza nanyi hamna la kuwajibu. Siku uliyonitembelea nilitaka kukueleza kwa mdomo, lakini unanijua, nikitazamwa maneno yananikimbia. Mama aliponiona nimekaa na karatasi aliniuliza ninaandika nini. Nikamwambia, kumbukumbu za kazi. Akacheka mpaka akashika mlango. "Mstaafu gani huyu, hata ndevu hazijakamilika?" Ni kweli, mama. Lakini mtu ambaye kazi yake imekwisha ni mstaafu, awe na mvi au asiwe nazo.

Siku ya kwanza nilisimama nje ya studio muda mrefu bila kubisha hodi. Ilikuwa palepale ilipo sasa, Ukunda, nyuma ya duka la magodoro, upande mmoja mchomeleaji na upande mwingine Bi Mwanamisi na karai lake la mahamri. Mwalimu Mutiso alitoka kumwaga maji akanikuta. Nyinyi mmemjua akiwa amekwisha kurudi shambani kwake, lakini wakati huo alikuwa na nguvu. Mtu wa bara, wazazi wake walipata shamba kwenye skimu ya makazi ya serikali. Alipiga gitaa mahotelini miaka mingi na kufundisha kwaya kanisani, na kila mtu alimwita Mwalimu ingawa hakuwahi kushika chaki.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Umekuja kuimba?"

Nikatikisa kichwa.

"Umekuja kuiba?"

Nikatikisa tena.

"Basi ingia. Hao wa aina mbili ndio wanaonisumbua."

Aliniketisha, akaniambia nifumbe macho nimtajie ninachosikia. Nikataja friji ya dukani, mchomeleaji, mahamri yakigeuzwa kwenye mafuta. Kisha nikasema kuna kitu kinalia juu yetu, chembamba sana, kama uzi wa chuma. Mwalimu alitazama juu. Akazima taa. Mlio ukakoma. Alikuwa ameutafuta mlio huo kwenye nyaya zake kwa muda mrefu, akifungua hiki na kufunga kile, kumbe ni taa. "Kesho uje mapema," akasema, na hayo ndiyo yaliyokuwa mahojiano yangu ya kazi.

Nawatajia taa ile kwa sababu nataka mjue masikio yangu yalikuwaje.

Vifaa mnavijua, lakini hamjui vilivyofika. Yale magunia ya ukutani tuliyashona sisi wawili na kuyajaza usumba wa nazi, kwa sababu sponji la kununua lilikuwa ndoto. Mvua ikinyesha usumba hutoa harufu, na mpaka leo nikipita penye makumbi yaliyoroweshwa moyo wangu hushtuka, nadhani nimechelewa kazini. Chumvi ya hewa hii hula kila kitu chenye shaba. Ndiyo maana maiki ile kubwa hulala ndani ya kopo la mchele uliokaangwa ukakauka. Mchele ule haupikwi. Kevo, nasema na wewe. Na waya ukunjwe kwa upole, duara juu ya duara, kwa sababu waya uliokunjwa kwa hasira hungoja mteja aje ndipo ulipize.

Tulirekodi kaswida za watoto wa madrasa kutoka Majoreni, kwaya za skimu, matangazo ya hoteli, na maharusi wasioisha. Sheria moja Mwalimu hakuivunja. Adhana ilipokaribia, alifunga maiki zote, hata kama mwimbaji yuko katikati ya neno. "Adhana si ala ya muziki," alisema. "Haiwezi kuingia kwenye wimbo wa mtu kwa bahati mbaya." Yeye Mkristo, lakini aliichunga kuliko baadhi yetu. Wateja walinung'unika, kisha wakazoea, kisha wakaanza kuipenda, kwa sababu ndipo tulipopata nafasi ya kunywa chai.

Sasa Ngisi. Alikuwa rapa wa kuchekesha, mtamfahamu kwa zile nyimbo za harusi. Alijiita Ngisi kwa sababu, alisema, ngisi ndiye samaki peke yake anayetembea na wino wake. Alikuja mchana mmoja akiwa hachekeshi hata kidogo, akaweka simu mezani, akacheza wimbo wa metali kutoka nchi za mbali. Magitaa yalinguruma, ngoma zilikimbia kama mvua ya mawe juu ya bati, na mtu akapiga kelele kwa sauti isiyo ya mtu.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. "Huyu bwana," akauliza, "amepona?"

"Mwalimu, nataka albamu nzima hivi. Kwa Kiswahili."

"Ngisi, mwanangu. Watu wanakuita harusini. Ukienda na hii, bibi harusi atarudi kwao."

Ngisi hakucheka. Akasema, "Pale alipozaliwa mama yangu, kule Diani, leo pana ukuta. Juu ya ukuta pana vipande vya chupa. Niliutungia wimbo, nikaurapu juu ya mdundo wangu wa siku zote, nanyi mliurekodi hapa hapa. Mnakumbuka watu walifanya nini?"

Tulikumbuka. Walicheza.

"Sitaki wacheze," alisema.

Mwalimu alinigeukia. Alikuwa na desturi hiyo, jambo likiwa zito aliniuliza mimi, labda kwa kuwa alijua sitajibu kwa hotuba. Nikasema, "Lile gitaa lina mawimbi mawili ndani. Moja linasaga, jingine linalia." Nilikuwa nimelisikia lile linalolia kwa nyuma, na nikalitaka. Mwalimu akapumua. "Haya. Tuone kama kuta za usumba zitaiweza."

Gitaa lilipigwa na Brayo, kijana wa Nairobi aliyekuja Diani kupiga muziki hotelini, akiwa na kitambaa chekundu kichwani mchana na usiku. Ngoma zilipigwa na Mwinyi, mtu wa kwetu Msambweni. Mwinyi utotoni alimfuata mjomba wake kwenye ngoma za kupunga. Kwa msiozijua, mtu mwenye pepo hupigiwa mdundo wa pepo wake mpaka pepo apande, aseme anachotaka, apewe, kisha atulie. Mwinyi aliacha mambo hayo akawa mpiga ngoma wa hoteli, lakini mikono haistaafu. Ngoma za kizungu tuliazima kanisani kwa kina Mwalimu. Kila Jumapili zilirudi kumsifu Bwana, na kila Jumatatu zilirudi kwetu. Mwalimu alisema zimekuwa na maisha ya siri.

Gitaa lilitushinda kwanza. Tulipoongeza ukali lilikuwa nyuki ndani ya debe. Mwishowe tuliweka spika ndani ya pipa tupu la maji, mdomo ukaangalia magunia, na maiki tukaiweka kando. Hapo ndipo sauti ilipopata kifua. Andikeni hilo pipa mahali, msilitupe.

Lakini kilichotushinda zaidi ni koo la Ngisi. Kurapu aliweza, maneno yake yalikwenda juu ya gitaa kama mtu anayekimbia juu ya mawe ya mtoni bila kulowa. Ile sauti ya kunguruma ndiyo iliyomkataa. Alikaza koo, mishipa ikatoka, ikatoka na sauti ya mtu aliyemeza mwiba wa samaki. Alikunywa tangawizi, akanywa asali, akanyamaza siku nzima. Bi Mwanamisi alituletea mahamri akasema, "Mpelekeni hospitali huyo, msimrekodi."

Ni katika wiki hizo ndipo mbu alipoingia. Nasema mbu kwa kuwa nilidhani ni mbu. Nilijipiga sikio nyumbani, nikajipiga kwenye gari, nikajipiga mbele ya wateja. Kisha asubuhi moja Mwinyi alipiga toazi, nikaliona likitikisika, na sikusikia ule unyunyu wa juu. Nilisikia tu chuma kikigongwa.

Nilimwambia Mwalimu siku hiyo hiyo. Akanipeleka mwenyewe kwa daktari. Daktari alinifungia ndani ya kisanduku chenye hedifoni, akaniambia niinue mkono nikisikia mlio. Mkono wangu ulipumzika sana. Alisema masikio yamechoka kwa kelele za miaka, sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kuondoka, na nikiendelea na kazi ile na nyingine zitazifuata. "Na zilizokwenda?" Mwalimu akamwuliza. "Masikio hayana spea," daktari akasema.

Tulirudi studio, Ngisi akaelezwa. Albamu ilikuwa imebakiza wimbo mmoja, wa mwisho, ule wa mama yake Ngisi. Ngisi alisema ataungoja, ataupeleka kwingine, atautupa, lolote. Nikasema hapana. Pengine iliyofuata ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kusema mle ndani. Niliwaambia nitafanya wimbo huo mmoja, sauti ikiwa chini, kisha nitatoka. Sikio la kulia lilikuwa bado lina kitu. Nilitaka kitu hicho kiishie pale, katika kazi, si nyumbani nikimsikiliza mbu.

Tuliurekodi alasiri. Mwanzo wake ni mzito na wa polepole, na Ngisi anarapu peke yake juu ya ngoma:

*Ukuta umepewa mlango, mlango umepewa mbwa,*
*mbwa amepewa jina, mama hana jina pale.*

Katikati gitaa linaingia, na Mwinyi alitakiwa kukimbia. Hakukimbia. Maneno yalimshika, nadhani, akabaki kwenye mwendo ule wa polepole, na mkono wake wa kushoto ukaanza kuongeza pigo dogo, mara mbili, halafu kimya, mara mbili, halafu kimya. Nikaona kupitia kioo uso wake umebadilika. Alikuwa amejua anapiga nini, na alikuwa amechelewa kujua.

Mlango ukafunguliwa. Bi Mwanamisi aliingia, mikono imejaa unga, macho hayatuangalii. Alikuwa anatikisika mabega kwa mdundo ule ule.

Brayo akamtazama Mwinyi. "Wasee, tunastop ama?"

"Usiache!" Mwinyi akasema bila kusimamisha mikono. "Ukiacha utamtia maradhi. Piga!"

"Piga nini?"

"Hicho hicho! Usibadilishe!"

Mwalimu alikuwa karibu nami, mkono wake juu ya swichi ya maiki, kwa sababu adhana ya alasiri ilikuwa imekaribia. Upande mmoja sheria yake, upande mwingine mama wa watu ambaye ngoma yake haikatwi njiani. Nami nilikuwa na wimbo mmoja tu duniani. Mwalimu akanitazama. Nikatikisa kichwa kama siku ile ya kwanza. Akauondoa mkono.

Bi Mwanamisi akasema. Saumu, sijui nikuandikieje. Sauti ilitoka chini, pana, yenye changarawe, na koo lake halikukazika hata mshipa mmoja. "Mmeniamsha," ilisema, "hamjanikaribisha."

Ngisi alikuwa bado mbele ya maiki yake. Akaweka mikono pamoja. "Karibu. Karibu sana. Tuwie radhi. Wataka nini?"

"Chekundu."

Tulitazamana. Kisha sote tukamtazama Brayo kichwani.

"Hapana," Brayo akasema, akiendelea kupiga. "Hii niliinunua Nairobi, wasee. Hii ni ya kwanza kabisa."

"Brayo," Mwinyi akasema.

"Sawa, sawa! Mtu aichukue basi, mikono iko bize!"

Ngisi akakivua kile kitambaa kichwani mwa Brayo, akamfunga Bi Mwanamisi begani kwa heshima kama mtu anayemvisha mama yake leso. Mwinyi akaanza kuishusha ngoma, kidogo kidogo, kama unavyomshusha mtoto aliyelala. Bi Mwanamisi akaketi sakafuni. Gitaa la Brayo likafifia lenyewe ndani ya pipa. Mwinyi akaligusa toazi mara moja tu, ya mwisho.

Mlio wa toazi haufi upesi. Ukitaka kuufuata mpaka mwisho lazima uinue sauti ya maiki taratibu, kadiri mlio unavyoshuka, na ukiinua hivyo kimya chenyewe kinakuwa kikubwa. Niliinua. Sikio langu la kulia lilikwenda na mlio ule, likawa juu ya uzi, uzi ukawa mwembamba, na pale ulipoishia nikasikia kitu kingine. Ng'ambo ya barabara, msikitini, mtu aliwasha kipaza sauti. Tak. Kisha akavuta pumzi.

Nikafunga maiki. Neno la kwanza la adhana halikuingia. Mwalimu akashusha mabega, akasema, "Umekata vizuri," kwa sauti ya mtu anayesoma dua.

Bi Mwanamisi alipozinduka aliomba maji, akaona kitambaa, akauliza ni cha nani. Ngisi alimweleza yote, kisha akamwomba ruhusa sauti ile ibaki kwenye wimbo. Bi Mwanamisi akajipangusa unga. "Sauti si yangu, mwanangu. Mwulize mwenyewe, ukimpata." Basi tukaitoa. Nani angethubutu? Lakini akiwa mlangoni alimgeukia Ngisi. "Wewe unakaza koo kama anayenyongwa. Yule hakazi. Anapita tumboni." Kisha akakimbia, kwa sababu mahamri yalikuwa yanaungua.

Ngisi alilala chali sakafuni, akaweka mkono juu ya tumbo, akaachia koo. Ilitoka. Mnaisikia kwenye albamu, pale katikati, anaposema neno moja tu, *mama*, na halifanani na kilio wala hasira. Wakati huo hakuna aliyetaka kucheza.

Kuhusu ile tak na pumzi, Mwalimu alitaka tuulize. Ngisi akamwendea mwadhini mwenyewe. Mzee alicheka, akasema swichi si adhana, lakini pumzi ni ya Mungu, tuiache ilivyo au tuitoe kabisa, tusiichezee. Tukaiacha ilivyo. Ndiyo mwisho wa albamu.

Kuchanganya sauti tulikaa wawili. Mwalimu alishika zile za juu, mimi za chini, kiganja changu juu ya spika. Siku ya mwisho aliniwekea hedifoni, sauti ndogo, akanichezea mwisho ule. Niliisikia tak. Pumzi niliisikia, au nilikumbuka kuisikia, sikuweza kutofautisha. Nikavua hedifoni, nikakunja waya duara juu ya duara, nikairudisha maiki kwenye mchele.

Sasa niko nyumbani. Ninasokota kamba za usumba na kumsaidia mama kwenye mihogo. Watu wakinikaribia ninawasikia, ndege siwasikii. Pikipiki zikipita barabarani zinapiga nyimbo za Ngisi, nazijua kwa namna zinavyonigonga kifuani, ngoma ya Mwinyi, ile mara mbili halafu kimya. Mwisho wake sijui. Na nimesikia kwamba nyimbo zikibanwa ziingie kwenye simu, sauti ndogo ndizo zinazotupwa kwanza. Sina wa kumwuliza. Mama ninapompa simu asikilize hunijibu, "Mwanangu, imekwisha," kabla toazi halijakwisha.

Kwa hiyo ninawaomba. Kaeni kwenye kiti changu, mmoja mmoja, chukueni hedifoni zile nzuri, sauti iwe ndogo, mzilinde nafsi zenu. Wekeni wimbo wa mwisho, ule wa kwenye simu wanaousikiliza watu. Toazi likishalia msiondoke. Ngojeni. Msinipigie, simu zinanisumbua. Niandikieni, hata kwa mwandiko mbaya kama wangu, mniambie kama ile tak bado ipo, na kama yule mtu bado anavuta pumzi.

Na mkikuta haipo, niandikieni vilevile. Vueni hedifoni, mfumbe macho, mniambie mnachosikia hapo: mafuta ya Bi Mwanamisi, taa, chochote kilicho chembamba.